Neno la Tumbili

Zamani, tumbili yeyote akisema "Chui", wanyama wote walikimbia bila kuuliza. Siku moja tumbili wakalitumia neno hilo kuwafukuza kanga chini ya mkuyu, wakabaki wakila makuyu peke yao. Wakanogewa, ikawa desturi.

Tumbili mmoja tu, Sikudhani, ndiye aliyekataa. "Neno hili linaokoa roho zetu sote," alisema. "Mkilichezea, chui akija mtasemaje?"

"Bibi mahubiri, shiba kwanza," wakamcheka.

Tangu hapo hakuna aliyemtoa kupe, na tumbili asiyetolewa kupe na wenzake ni mkiwa. Alijikuna peke yake, akakonda, lakini hakubadili kauli.

Chui akaja kweli. Mzee Kidevu, mkuu wao, alimwona wa kwanza, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kanga waliendelea kudonoa. Hata tumbili wenyewe walidhani ni ile janja yao, wasiinue macho. Ndipo Sikudhani akasema mara moja tu, "Chui," na wote wakaruka juu.

Jioni Kidevu akamjia. "Mwanangu, tumekukosea. Njoo ukae kati yetu, tukutoe kupe."

Sikudhani aliinama, machozi yakimlenga.

"Ila kanga wamerudi," Kidevu akaendelea, "na sisi hawatusikilizi tena. Wewe wanakuamini. Kesho utasema wewe."

Sikudhani akainua kichwa. "Mmeniamini leo tu, Mzee, na tayari mnataka niwe mwongo."

Akarudi kwenye tawi lake, akaendelea kujikuna.