Nungunungu wa Katlin

Nusu pakiti ya majani ya chai ilikuwa imefika dola arobaini, na bado watu walikuwa wanapandisha.

"Hamsini!" Noel alipaza sauti. "Na Shangazi akitaka kikombe, aje kwangu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ndio mnada wa msiba hapa kijijini Eskasoni: mkishazika na kula, vitu vya marehemu na vile mlivyoleta wenyewe huuzwa kwa bei za kichaa, gharama za mazishi zilipwe na wafiwa wapate kucheka. Kitu kikikosa mteja, aibu ni ya aliyekileta.

Na Katlin, dada yake Noel, alikuwa ameleta mchoro.

Alijibanza mlangoni mwa jiko na sahani ya mkate mkononi. Mjini, michoro yake ilinunuliwa kabla rangi haijakauka. Hapa kwao hakuna aliyewahi kutundika hata mmoja, na hilo lilimuuma sana. Shangazi Malisan, waliyemzika asubuhi ile, ndiye aliyemfundisha kushona miiba ya nungunungu kwenye gome la mti. Lakini siku alipoiona miiba hiyo juu ya turubai la mchoro huu, katikati ya rangi ya waridi inayowaka, aliuzunguka mchoro, akaguna.

"Maskini nungunungu. Kagongwa na lori la rangi."

Tangu hapo kijiji kizima kiliuita Nungunungu.

"Haya, Nungunungu huyo!" Plansue, mnadi, aliuinua juu. "Nani anaanza?"

Hakuna mkono ulioinuka. Mtu akakohoa.

"Kumi," alisema Noel, kwa sauti ya kumhurumia dada yake. Katlin alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mia," ilisema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa mzee Sapatis, mwenzake Malisan wa kucheza kete, mkono wa birika asiyewahi kununua hata kijiko mnadani. Alikuwa amepakata kofia yake, mkono mmoja umezama ndani.

"Mia na kumi," Noel alimtania.

"Mia mbili."

Noel akainua mikono. "Nimeshindwa, mzee. Chukua."

"Mia tatu," alisema Sapatis.

"We mzee, unajipandishia mwenyewe!"

"Nani kakuuliza? Mia nne!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Katlin alikuwa analia, wala hakujificha tena. Hatimaye mtu wa kwao ameutaka mchoro wake. Aliweka sahani chini, akapenya katikati ya viti mpaka kwa yule mzee.

"Babu, umeupenda kweli?"

"Mimi? Hata juu na chini yake sipajui."

Plansue alikuna kichwa. "Sasa niandike jina la nani?"

Sapatis alimpa noti zote, akaikung'uta kofia. Haikudondoka hata senti.

"Andika Malisan. Hela ni zake, kanipa mwenyewe wiki iliyopita nimnunulie Nungunungu huyu. Kaniapia nikibakiza hata chenji, atanijia usingizini."