Bunduki ya Kufuta

Filamu ya tatu ilipokwisha, ubishi ukawaka katika banda la video la Kibwana kama kawaida. Wengi walishikilia kwamba upanga wa moto ndio silaha kubwa kuliko zote za filamuni. Siwema, shabiki asiyeshindwa kwa maneno, sikuzote aliitetea bunduki ya kufuta, ile inayompiga mtu akatoweka asibakize hata unyayo.

"Dada Siwema, hebu waambie hawa!" Kibwana alimchochea.

Ilikuwa mara ya kwanza Siwema kurudi bandani tangu kaka yake achukuliwe na watu wenye silaha na asionekane tena. Nyumbani kwao matanga hayakuwekwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusema amekufa.

"Leo niko upande wa upanga," alisema taratibu.

"Umetusaliti! Kwa nini?"

"Upanga huwaachia watu maiti ya kuzika."

Kibwana alikuwa ameshaiwasha filamu ya nne, akaisimamisha upesi. Pale kwenye kioo askari alibaki ameinua bunduki yake ya kufuta, na mbele yake mtu mmoja amenyoosha mikono juu, bado yupo.