Nusu Sauti Chini

"Acha! Acha kupiga!"

Mwimbaji aliukata wimbo ghafla, pumzi moja kabla ya ile nota ya juu kabisa, akamgeukia mdogo wake aliyekaa kwenye kinanda. Akachomoa mkobani chuma cha kupimia sauti, akakigonga gotini, akakisimamisha juu ya ubao wa kinanda. Kikalia, naye akabonyeza nota ileile kinandani. Hata kiziwi angejua kwamba kinanda kiko chini, nusu sauti nzima.

"Umekishusha. Tena kwa makusudi."

"Mimi? Dada, mimi nimekikuta hivihivi. Muulize fundi."

"Fundi hashushi mpaka aambiwe. Nani mwingine anayekigusa, paka?"

Kwenye kiti cha mbele ukumbini, profesa aliyesimamia utafiti wa mwimbaji alivua miwani. Dada mtu alikuwa na jina kubwa kwenye jukwaa la opera, na sasa alikuwa akimalizia udaktari wa muziki wa kale. Tasnifu yake ilishikilia kwamba watu wa kale waliuimba wimbo huu juu kama tunavyouimba leo, wala hawakuushusha kama wataalamu wengine wanavyodai. Jumamosi angeuimba mbele ya watahini. Akiuimba chini, atakuwa ameupinga utafiti wake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kijicho tu," dada aliendelea. "Tangu utotoni. Ulishindwa kuimba, sasa unataka na mimi nisiimbe."

Eti kijicho! Mdogo mtu alihisi damu ikimchemka. Miaka yote amempigia kinanda mazoezini, asante haioni, na leo anaitwa mchawi mbele ya profesa. Alitamani kumrushia usoni karatasi zote za nota.

"Una roho mbaya, dada," alisema. "Na siku moja utakosa wa kumsingizia."

"Umemsikia, profesa?"

Profesa alikohoa. "Binti, nenda nyumbani. Tutatafuta mpigaji mwingine."

Alitoka akaubamiza mlango, kuta zikaitikia. Nyumbani hakwenda. Alishuka ngazi mbilimbili hadi karakana, ambako fundi wa vinanda, waliyemwita Masikio, alikuwa anakunywa chai kwa raha zake. Akampokonya kikombe.

"Nani aliyekutuma ukishushe kinanda? Nitajie, nikamburute mpaka kwa profesa sasa hivi!"

Masikio alimkodolea macho, mkono bado umekaa kana kwamba umeshika kikombe.

"Si dada yako? Mimi nilidhani mmeelewana."

"Dada yangu yupi?"

"Una wangapi? Alikuja asubuhi peke yake, akaijaribu ile nota ya juu. Ikamkatalia. Ndipo akaniambia nishushe nusu sauti."

"Halafu?"

Fundi alitazama mlangoni, akapunguza sauti.

"Akaijaribu tena. Haikutoka."