Barabara Tupu

Tik-tik-tik. Sauti ya mnyororo iliniamsha asubuhi, Saint-Gilles, mtaa wetu huku ugenini, bado iko gizani, giza la Januari. Jikoni nilimkuta mume wangu juu ya velo, baiskeli yake aliyoikaza kwenye vyuma isiende popote, anapiga pedali, macho kwenye tableti.

"Maman Ketsia, angalia! Njia ya mto Loire, kule Ufaransa. Julai tutapita pale sisi batatu. Alors, unakubali? Benzangu ba kazi banangojea leo tarehe ya likizo yangu."

Niliangalia. Mizabibu huku na huku, mto umetulia, barabara laini kama meza. Hakuna gari. Hakuna mtu.

Kilichonipata sikijui mpaka sasa. Kwetu Rutshuru, asubuhi ukikuta barabara tupu hivyo, ujue watu wamekwisha kukimbia vita. Nilishtuka kuona nimeokota kiatu cha mtoto wetu, na vidole vyangu vinalegeza kamba.

"Watu wamekimbilia wapi?" niliuliza.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mais non, chérie. Balikataza magari tu, ma-velo ipite. Kule ni amani."

Amani, na kimya chote kile? Nilitaka kumwamini, kweli nilitaka. Nikabaki na kiatu mkononi, sijui kama ni cha kukimbilia au cha kusafiria.

Ketsia alitoka chumbani pekupeku. Akagusa kioo cha tableti, pale barabara ilipokata kona.

"Mama, kule kuna mutoto juu ya velo."