Kilichofukiwa Njiani

Filimbi ililia mara tatu kutoka upande wa zizi, na Bibi Restituta akajua inalia kwa ajili yake. Aliacha kupukuchua mahindi, akasimama mlangoni.

Walikuja wanaume kumi na wawili, wote ndugu wa marehemu Malale, wakikatiza katikati ya shamba lake kama ng'ombe wao wanavyokatiza. Luhende, mdogo wake marehemu, ndiye aliyepiga filimbi, lakini alifika wa mwisho. Kila hatua alikuwa anachomeka rungu lake ardhini. Buti la kulia alilifunga vizuri. La kushoto alikuwa amelipasua kwa kisu mpaka kwenye kifundo. Watu walisema ni hasira. Tangu mazishi ya Jumapili hajala, wala hajakaa chini na wenzake hata mara moja.

Kesi yenyewe kijiji kizima cha Sitalike kiliijua. Ng'ombe wa Malale na Luhende waliingia kwenye mahindi ya bibi wakayamaliza. Bibi akawafuata wale ndugu mpaka zizini, akasema mbele za watu kwamba miguu inayoleta ng'ombe shambani kwake itachoka. Ndugu wote wawili walimcheka. Wiki mbili baadaye mguu wa Malale ukavimba kama gogo. Siku ya nne akaishiwa pumzi, akafia njiani wakimkimbiza hospitali Mpanda. Ukoo ukasema ni uchawi wa bibi.

“Wewe bibi,” Luhende alisema, “utoe ulichofukia njiani. Leo, kabla jua halijazama.”

Makoye, mkubwa wa ukoo, alimuuliza kuna faida gani kukitoa, na mtu ameshazikwa. Wao walikuja kuchoma nyumba. Luhende akamwambia anyamaze.

“Mimi nilichofukia ni mahindi,” bibi alijibu, “na ng'ombe wenu wameyala. Chimbueni kwenye matumbo yao.”

Mmoja alishachomoa nyasi za paa na kutoa kiberiti. Hapo ndipo alipofika Scola, mjane wa Malale, akihema, ameshika kopo la maziwa ya unga. Akalimwaga miguuni pa wanaume. Vilitoka vichupa vidogo vya dawa ya sindano, vitupu.

Alisema yote bila kuinamisha uso. Mumewe alinunua sindano hizo mnadani kwa mtu aliyeapa kwamba zinarudisha nguvu za kiume. Alikuwa anajichoma pajani, nyuma ya zizi, kila wiki, bila kupimwa damu hata siku moja. Jana yeye Scola alipeleka kichupa kimoja kwa daktari Mpanda. Daktari akamwambia hiyo ni homoni ya kiume, na ikitumiwa ovyo inaweza kufanya damu ya mwanaume iwe nzito hadi igande mguuni. Bonge likichomoka huko, linapanda mpaka kwenye mapafu.

“Nilimfichia aibu yake akiwa hai,” alisema. “Sitamfichia kwa kumuua bibi wa watu.”

Kiberiti kikarudi mfukoni. Mmoja wao alicheka chinichini, akasema kumbe Malale na sifa zake zote alikuwa wa kuchomwa sindano kama dume la ng'ombe. Wengine wakacheka naye. Makoye alianza kutafuta njia ya kuondoka ambayo haipiti mbele ya mwenye nyumba.

Luhende hakucheka.

“Shemeji,” aliuliza taratibu, “alichoma ngapi kabla mguu haujaanza?”

“Sita.”

Luhende alihesabu zake kwa vidole, midomo ikicheza. Kisha akaliachia rungu, akaketi kwenye kizingiti cha mwanamke ambaye walikuja kumchomea nyumba, mguu wa kushoto ukiwa umenyooka mbele yake kama si wake.

Bibi Restituta aliutazama ule mguu kwa muda. Akamtuma Makoye barabarani asimamishe gari lolote linalokwenda Mpanda, na Makoye akakimbia.

“Nitakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa daktari,” alimwambia Luhende. “Na ukirudi mzima, ng'ombe wako wakikanyaga tena mahindi yangu, nitasema maneno yaleyale.”