Mtaimbo wa Tabu

Ukuta ulipomwangukia Shomvi mguuni, wanaume wanne walijaribu kuliinua pande la ukuta lililombana kwa mikono, lisitikisike. Ndipo akaja Tabu, mtalaka wake, ambaye kwa miaka saba hakumpa hata salamu. Alikuwa na mtaimbo. Akauchomeka chini ya pande na kuuegemeza juu ya tofali.

"Tofali lisogezeni karibu na mguu wake," aliwaambia. "Likiwa mbali, nguvu zangu hazitatosha."

Wakalisogeza. Tabu, mwembamba vile, akaulalia mtaimbo kwa uzito wake wote, na pande likainuka. Wakamvuta Shomvi.

"Tabu," alisema kwa sauti ya chini, "nimeshatoka. Achia sasa."

Alimsikia. Lakini mikono yake iliendelea kuukandamiza mtaimbo, na pande likabaki juu.