Jemedari Mezani

Jogoo alikuwa ndani ya kikapu, amefunikwa na mchicha, na Mama Majani alikuwa amesimama mlangoni kwa shemeji yake akimwamkia mama mkwe kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ndege asije akalia akamuumbua.

"Shikamoo, mama. Leo jioni njooni wote kwangu. Nawapikia."

"Marahaba. Utatupikia nini, mwanangu? Nyasi?"

"Kuku, mama."

Mama mkwe akashika mdomo. Makubwa haya! Mji mzima ulijua kwamba mke wa fundi cherehani hali nyama, hanywi maziwa, hagusi yai, na ua wake umejaa wanyama aliowaokoa: punda kipofu, mbwa wa miguu mitatu, kuku wazee waliochoka kutaga. Ndiyo maana walimwita Mama Majani.

Jina halikumuuma. Kilichomuuma ni Bibi Harusi, mbuzi wa sikio moja aliyemtoa kwenye lango la machinjio akamlea kwa chupa. Siku moja Bibi Harusi aliponyoka, akaingia kwa shemeji, kaka mkubwa wa mume wake, akatafuna maua. Shemeji akamchinja. Hilo peke yake lingetosha kumkosanisha mtu na ukoo mzima, lakini shemeji ana utani wa kishetani. Aliwaalika kula, akampakulia Mama Majani maharage kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama mpaka sahani ikawa nyeupe. Ndipo akasema, "Shemeji, supu ya Bibi Harusi umeionaje?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Yeye alitoka nje akatapika kwenye maua yaleyale.

Haya, sasa ilikuwa zamu yake. Shemeji naye alikuwa na kipenzi: Jemedari, jogoo mwekundu aliyemlisha mkononi na kumpiga picha nyingi kuliko za wanawe. Mpango ulikuwa mtamu kweli. Jemedari angekaa stoo chini ya tenga, nyuma ya magunia ya mkaa, na punje zake za mahindi na bakuli la maji. Hata unyoya mmoja usingeguswa. Chunguni ungeingia uyoga, umechanwachanwa vipande vinono, viungo tele. Shemeji angekula, ashibe, alambe vidole, ndipo aambiwe kwamba amemla Jemedari. Alie mbele za watu kama alivyolizwa mwenzake. Akishalia vya kutosha, angekabidhiwa jogoo wake mzima, aende naye zake.

Mume hakuambiwa kitu. Huyo hana kifua. Ukimwambia asubuhi, mchana wateja wote wanalo. Alipofunua chungu alikunja uso.

"Uyoga? Ndugu zangu waje kwangu niwape uyoga? Mke wangu, si bora nife?"

"Tulia wewe. Watakula kuku. Utaona."

Mchana mtu alikuja mbio: mbwa amegongwa barabarani, analia, hakuna anayethubutu kumsogelea. Mama Majani alidondosha mwiko, akachukua sanduku la dawa.

"Moto usizimike!" alimpigia mume kelele akitoka mbio.

Mbwa alimchelewesha. Mguu ulitaka kufungwa vibao, na kila akiguswa alikuwa anataka kuuma. Aliporudi nyumbani wageni walikuwa wameshakaa mezani. Uani kuku wake wazee walikuwa wanagombania kitu, hakuwatazama. Pua ilikuwa imejaa dawa ya vidonda, hata mchuzi wake mwenyewe hakuusikia harufu.

Mume alimpokea mlango wa jikoni, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtoka, uso umechanua.

"Nimeshawapakulia. Mke wangu, leo umeniheshimu. Najua ilivyokuwa ngumu kwako."

Masikini, anadhani nimemsamehe kaka yake, alijisemea, akaenda kujibanza nyuma ya pazia la sebuleni.

"Kuku mgumu kidogo," shemeji alikuwa anasema huku anatafuna, "lakini mtamu, jamani! Mama Majani amekuwa mtu sasa."

Mama Majani aliuma mtandio asicheke. Kuku! Uyoga umemtoa akili.

"Ila Jemedari simwoni tangu asubuhi," shemeji akaendelea. "Sijui yuko kwa majike gani."

Hapo hakungoja tena. Alisukuma pazia akasimama, macho kwenye uso wa shemeji tu, uso alioungoja siku zote hizo.

"Shemeji, Jemedari umemwonaje?"

Shemeji akacheka. Halafu akaacha kucheka. Alimtazama, akatazama vidole vyake vilivyojaa mchuzi, akamtazama tena.

"Unatania. Shemeji, niambie unatania!"

Shemeji akajishika kichwa. Mtu mzima na ndevu zake, akaanza kulia kwa sauti, akimwita jogoo kwa jina. Lo, ilikuwa tamu! Mama mkwe alitemea leso. Hakuna aliyecheka safari hii. Bibi Harusi, mwanangu, unaona? Alie. Alie mpaka akauke.

"Mke wangu," mume alisema taratibu, "kwani yule jogoo alikuwa wa kaka?"

Hakumsikiliza. Alikuwa amesharidhika, na yeye si mtu wa roho mbaya kihivyo. Akasogea, akamwinamia shemeji, akamshika bega amwambie basi, nyamaza, twende stoo.

Ndipo alipoiona meza. Kando ya kila sahani palikuwa na mifupa, imefyonzwa hadi inang'aa.